Umehudumiwa vibaya mgahawani: bakshishi utoe, upunguze au uache?

Bili imeletwa juu ya kisahani, pembeni vijiti vya meno na pipi mbili za mnanaa. Chakula kilichelewa karibu saa nzima, soda ililetwa ya moto, na aliyechukua oda hukumwona tena mpaka alipoleta hii bili. Mkono wako uko kwenye pochi, na mezani kila mtu ana lake. Mmoja anasema usimwachie hata shilingi. Mwingine anasema mwachie tu, ndiyo riziki yake. Mhudumu mwenyewe amesimama kwenye nguzo, anajifanya anaangalia barabarani.

Nimewahi kuwa huyo wa kwenye nguzo. Nilihudumu mezani miaka minne katika mgahawa mmoja wa samaki Dar es Salaam kabla sijabadili kazi, na hadi leo nikila nje macho yangu huenda kwenye dirisha la jikoni kabla hayajaenda kwenye menyu. Kwa hiyo swali hili nalichukulia kwa uzito. Ninachokupa hapa ni hatua za kufuata, kuanzia bili inapofika hadi unapoinuka. Msingi wangu ni mmoja tu: bakshishi ni ya mtu, malalamiko ni ya nyumba. Ukivichanganya, anayeumia mara nyingi siye aliyekosa.

Hatua ya 1: Soma bili kwanza

Wapo wanaokasirika na kukata bakshishi, kumbe walishaitoa bila kujua. Katika hoteli kubwa na baadhi ya migahawa, bili huwa na mstari wa ada ya huduma, mara nyingi asilimia 10. Ukiuona, ujue sehemu hiyo umeshalipia, na chochote utakachoongeza ni hiari yako. Kama huduma ilikuwa mbovu kweli, una haki ya kumwita meneja na kumwomba aiondoe. Wengine hukubali, wengine hukuonyesha kuwa ilichapishwa kwenye menyu. Kuuliza hakugharimu kitu.

Usichanganye ada hiyo na kodi. Tanzania Bara VAT ni asilimia 18 kwa kiwango cha kawaida. Kenya ni asilimia 16, na kwenye migahawa utakuta pia asilimia 2 ya Mfuko wa Utalii. Hizo zinakwenda serikalini, mhudumu hazioni.

Kisha hesabu ulichokula na kunywa. Kwenye baa zetu chupa tupu huachwa mezani kwa sababu hiyohiyo, ili wewe na mhudumu muhesabu kitu kimoja. Ukikuta soda ya ziada kwenye bili, uliza kwa upole kwanza, maana siku ya watu wengi oda za meza mbili huingiliana bila hila yoyote. Alivyojibu ndivyo utakavyojua. Aliyekosea atachukua bili na kukimbia kaunta. Anayeiba ataanza kubishana na wewe juu ya idadi ya chupa ambazo zote ziko mbele yenu.

Hatua ya 2: Tafuta kosa ni la nani

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wengi wanaporuka.

Jumapili moja mchana mtungi wa gesi ulituishia jikoni tukiwa na oda kumi na moja zinazosubiri. Mtungi wa akiba ulikuwa mtupu, kwa kuwa pesa ya kuujaza haikutolewa tangu Ijumaa. Meza ya dirishani alikaa baba na wanawe watatu wakisubiri changu wa kukaanga. Nilikwenda mara tatu kusema "bado kidogo, mzee", kwa sababu tulikatazwa kuwaambia wateja kwamba gesi imeisha. Walipomaliza kula, yule mzee alilipa bili yote, akakusanya chenji yake mpaka ya mwisho, akaondoka bila neno. Naamini alijiona ameuadhibu mgahawa. Mgahawa haukupoteza kitu siku ile, na wala haukujua kwamba umemkosa mteja.

Kwa hiyo jifunze kusoma dalili. Chakula kikichelewa, kiangalie chenyewe kinapotua mezani. Kilichochelewa jikoni hufika cha moto: samaki bado mafuta yanamchemka pembeni, ugali ukiuvunja unatoa mvuke. Kilichochelewa mikononi mwa mhudumu hufika kimechoka: chipsi zimelegea, mchuzi umeweka utando juu, ugali umeota ngozi. Hicho kilikuwa tayari zamani, kilikaa kwenye dirisha la jikoni kikimngoja mtu aliyekuwa na simu.

Oda ikija tofauti, kumbuka kama alikurudia ulichoagiza kabla hajaondoka. Mhudumu anayejua kazi husema, "Kwa hiyo ni wali kuku moja, ndizi nyama moja isiyo na pilipili, na maji makubwa ya baridi." Akikurudia hivyo nawe ukakubali, halafu ikaja ndizi yenye pilipili, kosa lina nafasi kubwa ya kuwa la jikoni. Kama alisikiliza huku akitazama meza nyingine na hakuandika kitu, ni lake.

Ukiambiwa "imeisha" baada ya dakika arobaini, muulize yeye aliambiwa saa ngapi. Kuna wapishi wanaonyamaza mpaka wafuatwe, na kuna wahudumu wanaojua tangu asubuhi kwamba hakuna pweza lakini wanaona aibu kusema. Jibu lake utalitambua usoni.

Hesabu meza pia. Ukumbi una meza kumi na nne na unaona wahudumu wawili tu wakikimbizana? Huo ni uamuzi wa mwenye mgahawa wa kubana mishahara, na wewe na mhudumu wote mnaulipia. Nzi, choo kichafu, kiti kinachoyumba, muziki unaozima mazungumzo, hayo pia ni ya nyumba.

Ya mhudumu mwenyewe yanajulikana. Anakuona umeinua mkono, anageuza shingo. Anajibu kwa mkato. Analeta maji ya kunawa ya baridi kwa watu wa ugali, au beseni lenye maji ya meza iliyotangulia. Na kuna moja linaloniuma kuliko yote, hasa kwenye migahawa ya ufukweni na kwenye miji ya watalii: umefika na familia yako, mmekaa, kisha anaingia mgeni mzungu robo saa baadaye na kuhudumiwa kabla yenu. Huo si uzembe. Mtu amekuangalia, akakupima, akaona huna kitu cha kumpa. Mimi hapo sitoi bakshishi, na simung'unyi maneno kwa meneja.

Hatua ya 3: Sema mapema, chakula kikiwa bado kina njia ya kurekebishwa

Kosa kubwa la wateja wetu ni kunyamaza. Tunakula tumekunja uso, tunalalamika wenyewe kwa wenyewe, tunalipa, tunaondoka. Kisahani kitupu hakisemi kitu. Nilipokuwa nahudumu, nikiachiwa sifuri sikujua kama mteja alichukizwa na samaki, na mimi, au alikuwa hana pesa zaidi. Mara nyingi nilijiambia ni hilo la tatu.

Anza kwa salamu hata kama una hasira. "Dada, habari za kazi? Samahani, tuliagiza saa saba na nusu na sasa inakaribia saa nane na robo. Naomba uniulizie jikoni wamefikia wapi." Akiwa ni mama mtu mzima, shikamoo yake mpe. Usipige makofi wala mluzi, na ile "psss" iache kabisa. Mtu aliyeitwa hivyo atakuja, lakini atakuja na moyo uliofungwa.

Kama chakula ni kibovu, kisukume pembeni baada ya matonge mawili. Ukila mpaka mwiba wa mwisho ndipo useme samaki alikuwa amechina, hakuna meneja atakayekusikiliza, na kwa kweli hana sababu ya kukusikiliza. Eleza kitu kimoja chenye ushahidi: "huyu samaki ndani hajaiva, tazama hapa kwenye mfupa". Ukisema "huduma yenu mbovu" peke yake, hakuna anayejua arekebishe nini. Kisha taja unachotaka, kama ni kurudishiwa motoni, kubadilishiwa au kuondolewa kwenye bili.

Hatua ya 4: Pima alivyolipokea

Kuanzia hapo mhudumu anaanza upya kwako. Akienda jikoni akarudi na jibu la kweli, hata kama ni baya ("kaka, nisikudanganye, bado dakika ishirini, nikuletee hata supu usogeze muda?"), huyo amefanya kazi ngumu kuliko siku ambayo kila kitu kimenyooka. Akirudi na "inakuja" ileile aliyokupa mwanzo, bila hata kugusa mlango wa jikoni, umeshapata jibu lako.

Hatua ya 5: Amua kiasi

Kwetu hakuna sheria inayokulazimisha kutoa bakshishi. Kwa mama ntilie haitegemewi, na ukimwambia "chenji baki nayo, mama" umemfurahisha. Kwenye mgahawa wa kawaida wengi huzungusha tu: bili 18,500, unaacha 20,000. Kwenye migahawa ya kukaa na kuhudumiwa, mimi hutoa kama asilimia 10. Chukua bili ya 50,000, ambapo siku njema ningeacha 5,000.

Kosa likiwa la jikoni au la mwenye mgahawa na mhudumu amehangaika, naacha 5,000 ileile. Sijawahi kujutia hilo. Siku ya gesi kuisha ndiyo siku ambayo mhudumu ametembea zaidi na kutukanwa zaidi.

Kosa likiwa lake lakini akakiri na kurekebisha, natoa nusu, na namwambia sababu kwa sauti ya chini: "Mdogo wangu, ulitusahau mwanzoni, lakini ulivyorudi ulifanya vizuri." Maneno hayo yana kazi kuliko hizo 2,500.

Kosa lake, kaambiwa, na hajali? Siachi kitu, na nasema. Matusi, kuongeza vitu kwenye bili kwa makusudi, kumshikashika binti yako au kumtania kwa namna isiyofaa, hapo hatuzungumzii bakshishi tena. Meneja aitwe kabla hujalipa.

Jambo moja usilifanye: kuacha sarafu ya shilingi 100 ili aone kwamba umemdharau. Ukiamua kutotoa, usitoe, ukasema kwa nini. Sarafu ile huokotwa na anayefuta meza, na hajui imetoka kwa hasira gani.

Uliza pia kama bakshishi zinaingia kwenye boksi la pamoja. Sehemu nyingine kila senti hutumbukizwa kaunta na kugawanywa mwisho wa siku au wiki, pamoja na wapishi na waosha vyombo. Hapo ukikata kwa ajili ya mtu mmoja umemkata na kijana aliyekuwa nyuma anasugua masufuria yako. Kwenye boksi la pamoja mimi hupunguza kwa shida sana, na kilio changu nakipeleka kwa meneja.

Hatua ya 6: Namna ya kuitoa

Toa taslimu, mkononi. Siku hizi tunalipa kwa simu, na ukijumlisha bakshishi kwenye Lipa Namba, pesa yote inaingia kwenye akaunti ya biashara. Imfikie au isimfikie ni juu ya mwenye mgahawa. Kenya ni vilevile ukilipa kwenye till ya M-Pesa. Kama huna taslimu, mwombe namba yake umtumie "ya soda" moja kwa moja, au muulize wazi: "Nikiongeza hapa, unaipata?" Atakujibu, na jibu lenyewe litakufundisha mengi kuhusu nyumba hiyo. Kwa kadi fanya hivyohivyo.

Halafu kuna suala la chenji, ambalo linaharibu siku nzuri hata mbaya. Bili 34,000, umetoa 40,000, mhudumu anapotea. Ukimuulizia unaambiwa "sina chenji, boss" kwa sauti ya mtu anayengoja useme "basi acha". Usiseme. Chenji ni yako mpaka utakapoamua vingine. Mwambie, "Naomba utafute chenji, kisha nitakupa ya kwako." Akiileta yote, mpe ulichokusudia. Akiendelea kuzungusha maneno, ameshajitolea bakshishi mwenyewe, usiongeze. Ninasema hivi nikijua kwamba chenji kweli huwa ngumu asubuhi, kwa hiyo tembea na noti ndogondogo.

Hatua ya 7: Meneja

Hili nalisisitiza: chakula kibovu kinakatwa kwenye bili, hakikatwi kwenye bakshishi. Kama ulilipishwa 22,000 kwa sahani ambayo hukuweza kuila, kumnyima mhudumu 3,000 hakujarudisha chochote. Umelipa sahani mbovu kwa bei kamili na umemkosea mtu. Mwombe meneja aiondoe sahani ile, na risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) itoke na kiasi kipya.

Zungumza naye pembeni, kabla ya kulipa. Taja muda, taja sahani, taja ulivyojibiwa. Na kama mhudumu hakukosea, liseme hilo kwa maneno yako: "Huyu dada ametuhudumia vizuri, shida ni jikoni, naomba hii isimkate yeye." Sentensi hiyo ina uzito ambao mteja hauoni. Kuna nyumba ambazo sahani ikirudishwa, glasi ikivunjika au meza ikikimbia bila kulipa, mhudumu ndiye anayekatwa. Mimi nimelipia meza iliyokimbia, watu wanne na bia zao, kwenye mshahara wa mwezi ule. Usiombe mtu afukuzwe kazi kwa sababu ya chakula cha mchana kimoja. Omba kosa lirekebishwe.

Ukiwa nje ya nchi

Mwenye kufuata hatua hizi Marekani lazima abadilishe kipimo, kwa sababu kule bakshishi ni sehemu ya mshahara. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa aina hii dola 2.13 kwa saa, kiwango kilichosimama palepale tangu 1991, wakati kima cha chini cha kawaida ni dola 7.25 tangu 2009. Bakshishi ndiyo inayotegemewa kujaza pengo, na isipojaza mwajiri anatakiwa amalizie. Majimbo kadhaa yamekataa utaratibu huo. California, Washington na Minnesota, ambako ndugu zetu Wakenya ni wengi, mhudumu hulipwa kima kamili cha jimbo kabla ya bakshishi. Hata huko bado inatarajiwa.

Kawaida ni kati ya asilimia 15 na 20, na mijini watu wameshazoea 18 kwenda juu. Kumbuka pia kwamba mhudumu wa kule mara nyingi humgawia anayesafisha meza na wa kaunta ya vinywaji, na sehemu nyingine mgawo huo hukokotolewa kwa mauzo aliyofanya. Ukimwachia sifuri anaweza kutoa mfukoni mwake ili awalipe wenzake kwa kukuhudumia wewe. Kwa kosa lake halisi, asilimia 10 na neno kwa meneja linatosha. Sifuri iwekee matusi na ubaguzi. Mkiwa sita au zaidi, angalia bili vizuri, kwani migahawa mingi huongeza asilimia 18 au 20 yenyewe, na kisheria ada hiyo ya lazima ni mali ya mwajiri, haihesabiki kuwa bakshishi. Uliza kama inamfikia aliyewahudumia.

London utakuta asilimia 12.5 imeshawekwa kwenye bili na kuandikwa kuwa ni ya hiari. Ni ya hiari kweli, sema iondolewe nao wataiondoa. Tangu 1 Oktoba 2024 sheria ya Uingereza inawataka waajiri wawape wafanyakazi bakshishi zote bila kukata. Ufaransa huduma imo tayari kwenye bei, kwa hiyo sarafu chache zinatosha kwa aliyekufurahisha na hakuna dhambi kwa aliyekuchukiza. Japani usiache kitu, huduma iwe nzuri au mbaya. Unaweza kukimbizwa barabarani urudishiwe pesa yako.

Mkiwa kundi na mnachanga

Mko wanane, bili 132,000, kila mtu anahesabu alichokula peke yake. Pesa zikikusanywa zinapungua 9,000, kwa kuwa kuna mtu amesahau maji na mwingine amesahau kachumbari na juisi ya pili. Hapo ndipo ghafla inasikika sauti: "Kwanza huduma yenyewe ilikuwa mbovu." Nimeisikia mezani mara nyingi nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, na mara nyingi haikuwa kweli. Dakika kumi kabla watu haohao walikuwa wananisifu.

Kwa hiyo toeni ya mhudumu kwanza, kila mmoja elfu moja au mbili, iwekwe chini ya kisahani, ndipo mhesabu bili. Kama mmoja wenu kweli oda yake ilikosewa na hakuombwa radhi, aache yeye kutoa na aseme hapohapo ni kwa nini. Saba waliohudumiwa vizuri watoe.